Ukosi wa Gauni la Mama

4 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hatujambo, ila ni hatujambo ya kujikongoja. Wifi yako anakusalimu na anasema lile sweta ulilomtumia limemkaa vizuri kuliko nguo zote nilizomshonea mimi mumewe, na hilo amelisema mbele ya wateja. Binti zangu wamefaulu wote wawili, mkubwa kwa shida na mdogo kwa makelele. Cherehani kubwa ilikatika mkanda, nikaufunga wa kuazima, inakwenda. Paa la chumba cha nyuma bado linavuja pale pale juu ya kitanda chako. Kitanda tumekisogeza, paa bado.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu tukipigiana simu tunakatiana, mimi na wewe. Halafu kuta za nyumba hii unazijua. Mama akiwa chumbani kwake husikia hata ninapotunga uzi kwenye sindano. Barua hawezi kuisoma, macho yake hayataki tena mwandiko mdogo, kwa hiyo hapa tunaweza kusema.

Mama si mzima. Juzi nilimpeleka zahanati ya hapa mtaani. Tabibu aliuliza shida nini, nikamweleza kwamba halali vizuri, mikono inamtetemeka mpaka chai inamwagikia kwenye kisosi, na anasikia joto wakati sisi tumejifunika. Wakampima presha, wakasema iko juu. Tabibu akaandika vidonge, akasema ni uzee na upweke wa ujane. Mama akashukuru, tukarudi nyumbani. Kula anakula, tena ananishinda mimi, lakini amepungua. Usishtuke, kwa kumtazama huwezi kujua, maana nguo zake zote nimezipunguza. Akitoka barabarani utadhani mke wa balozi, na majirani wanasema anarudi ujana.

Utakuja lini? Nauliza tu, kama nilivyouliza kwenye barua iliyopita na ile ya kabla yake.

Kaka yako, fundi

---

19 Februari

Kaka,

Shikamoo. Barua imefika. Wape binti zako hongera, na mwambie wifi kuwa sweta limefumwa, halikushonwa, kwa hiyo asikushushie hadhi bure. Mimi ni mzima. Mwaka huu hospitali wamenipa wanafunzi wa uuguzi, niwafundishe wodini namna ya kumpima mgonjwa mtu mzima kuanzia utosini hadi kwenye nyayo. Wanawaogopa wagonjwa, na mimi wananiogopa zaidi, na sijaona sababu ya kuwapunguzia.

Sasa nijibu. Huyo tabibu alimgusa mama? Umesema aliuliza, wewe ukajibu, yeye akaandika. Mama alikuwa wapi wakati huo, sokoni? Presha walimpimia mkono ukiwa wazi au juu ya gauni la mikono mirefu? Alikaa kwanza akapumzika, au walimfunga mashine akiwa bado anahema kwa ile ngazi ya zahanati? Kuna mtu alimshika mshipa? Kuna mtu alimwambia avue hata kiatu?

Nimekasirika na nitakwambia kwa nini. Mgonjwa huanza kupimwa anapoingia mlangoni. Unamtazama anavyotembea, anavyokaa, anashika wapi, anavuta pumzi vipi anapoongea. Halafu unamuuliza yeye, na ukishamuuliza unanyamaza. Ndipo unamtazama mwili, unamgusa, unamgonga kifua na mgongo, unamsikiliza. Dawa ni mwisho kabisa. Hapo kwenu wameanzia mwisho na wakaishia hapo hapo. Na wewe umewasaidia. Nyumba yetu tumelelewa na ule msemo kwamba mgonjwa haulizwi uji, basi tukaona haulizwi kitu chochote.

Kwa kuwa mimi niko mbali, nitumie mikono yako. Mkalishe mama kwa utulivu mpaka apumzike. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake upande wa dole gumba, usikie mshipa unavyopiga. Usitafute idadi tu, sikiliza mwendo. Mwambie anyooshe mikono mbele, weka karatasi juu ya viganja, utazame. Mbonyeze mguu juu ya kisigino kwa kidole gumba, ushikilie kidogo, uachie, uone kama shimo linabaki. Muulize choo, usingizi, joto, na moyo wake anausikiaje. Usimjibie. Uniandikie ulichokiona, siyo unachokidhani.

Mdogo wako

---

10 Machi

Mdogo wangu, au niseme Daktari wa Posta,

Huku tunaendelea. Mvua imenyesha siku tatu mfululizo na paa limenikumbusha wewe. Yule mteja wangu mnene aliyekuwa akikutania ameoa tena, amenipa suti ya kushona kwa siku mbili, akaja kuichukua akiwa amenenepa zaidi. Wifi yako ana mafua. Amekusalimu akiwa na mafua hayo.

Nimefanya ulichosema. Mama alinitazama nilivyomshika mkono, akaniuliza nimeanza lini kazi ya udaktari na kama cherehani nimeiuza. Nikamwambia ni mambo yako. Akaniachia mkono nishike. Mshipa wake, mdogo wangu, unakwenda mbio, na hauendi sawa. Cherehani ikiharibika huwa inashona vizuri, inaruka, inashona mishono mitatu ya haraka haraka, inaruka tena. Ndivyo unavyokwenda. Nilidhani nimekosea mahali pa kushika, nikahamia mkono wa pili. Mambo ni yale yale.

Karatasi ilitetemeka juu ya viganja vyake kama kuna feni, na feni hatuna. Mguu nimeubonyeza, shimo lilibaki. Nilikaa nimechuchumaa nikilitazama lile shimo mpaka mama akaniuliza kama nimepoteza kitu chini. Choo anakwenda mara nyingi kuliko zamani. Anasema moyo anausikia shingoni akilala, unagonga kwenye mto. Joto amelizoea, blanketi amempa binti yangu.

Haya, nimekufanyia kazi yako. Sasa nisikilize na wewe. Sikuipenda. Kumbonyeza mama yangu miguu kama mtu anayechagua ng'ombe mnadani, huku nikijifanya najua ninachokitafuta. Wewe ndiye uliyesomea, ndiye unayelipwa kushika miguu ya mama za watu. Mimi nimesomea suruali.

Nimeweka na picha humu, niliyompiga Jumamosi akiwa na gauni jipya. Mtazame anavyopendeza. Siku hizi amependa ukosi mrefu, wa kufunga hadi kidevuni, magauni yote ananiagiza hivyo. Anasema shingo ya mzee si ya kuanikwa.

Haya mambo niliyoyaona yana maana gani? Na utakuja lini?

Kaka

---

28 Machi

Kaka,

Shikamoo, na wifi apone. Sina habari nyingine za kuanzia, kwa hiyo naingia.

Nimeitazama ile picha. Mara ya kwanza nilimtazama kama mtoto wake, nikafurahi, nikaiweka dirishani. Kisha nikairudia kama ninavyowafundisha wanafunzi kutazama, na nikataka kuichana. Macho yake, kaka. Mama hajawahi kuwa na macho ya kukodoa namna ile. Mfupa wa shavu umetoka. Vidole vinavyoshika kiti ni mifupa mitupu. Halafu katikati ya huo mwili unaokwisha kuna gauni lililomkaa barabara, halina hata kunyanzi.

Hilo ndilo kosa lako na nitalisema bila kulizungusha. Mtu akikonda, nguo humpwaya. Nguo ikipwaya, jirani anauliza, mwanawe anashtuka, hata tabibu mvivu anainua kichwa. Mama ameishiwa mwili mbele ya macho ya mtaa mzima na hakuna aliyeona, kwa sababu kila alipopungua na wewe ulipunguza. Ulikuwa unamfuata nyuma na sindano. Umenifichia mama yangu ndani ya mshono. Kikulacho ki nguoni mwako, tangu utotoni nilidhani methali hiyo inasema juu ya chawa.

Na ukosi! Mama aliyeuza vitambaa maisha yake yote akifungua kifungo cha juu kwa sababu ya joto la soko, leo anaungua na joto ndani ya nyumba na anataka kufungwa hadi kidevuni. Hukujiuliza? Wewe uliye fundi?

Ulitaka maana. Kila ulichoniandikia, kikiwa peke yake, si kitu. Kutetemeka ni uzee, mguu kuvimba ni kukaa sana, kukonda ni mawazo, kukosa usingizi ni ujane. Tabibu wenu angekuwa na jibu kwa kila kimoja. Kupima ni kuviweka pamoja juu ya meza moja na kuuliza kitu gani kimoja kinaweza kuvileta vyote. Mtu anakula sana na anakonda. Anasikia joto pasipo joto, anatetemeka, choo kinamsumbua, macho yamekodoka, moyo unakimbia na kuruka. Mimi naona tezi ya shingoni, ile iliyo chini ya koo. Ikizidisha kazi, mwili wote unachomeka kama jiko lisilo na mtu wa kupunguza moto, na moyo ndio unaolipa. Ule mguu uliobaki na shimo unaniambia moyo umeanza kushindwa. Hiyo si ya kusubiri.

Fungua ukosi. Simama mbele yake, mpe maji kidogo ameze, tazama chini ya koo kama kuna uvimbe unaopanda na kushuka anapomeza. Kisha mpeleke hospitali kubwa, siyo kwa yule tabibu wa kalamu. Wampime damu ya tezi, wampime moyo kwa mashine. Ukiambiwa ni uzee, kaa kwenye kiti chao usiondoke.

Mimi siwezi kutoka sasa. Wanafunzi wana mtihani.

Mdogo wako

---

20 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Wote wapo. Barua yako ilichelewa, ilikaa posta kwa sababu yule mama wa dirishani alikuwa likizo, na ilipofika niliisoma, nikaikunja, nikakaa nayo zaidi ya wiki. Nilitaka hasira zipungue kwanza. Hazikupungua, kwa hiyo naandika.

Nilimpelekea mama glasi ya maji. Nikamwambia nataka kumtazama shingo. Aliiweka glasi chini, akashika ukosi kwa mikono yote miwili, ile inayotetemeka, na akaniambia nitoke. Wifi yako naye alijaribu jioni, akafukuzwa. Hospitali kubwa hataki kusikia. Nilipombembeleza akasema kitu kimoja tu, nakuandikia alivyosema: "Huyo anayekutuma ana mikono. Mwambie aje nayo."

Basi. Nimefikisha.

Sasa yangu. Umeniambia nilimficha mama kwa sindano. Nimeyameza hayo. Kila nilipompunguzia gauni niliona alivyopungua, ndiyo, mimi ndiye mwenye chaki mkononi, wewe hukuwepo. Ulitaka nifanye nini, nimwache atembee na nguo zinazompwaya, watu wamuonee huruma? Nilikuwa namtunza kwa kile ninachokijua. Wewe unachokijua umekitunzia nani?

Maana nimezisoma upya barua zako na nimeona mchezo wako. Ulijua tangu karatasi ya kwanza. Mtu anakula na anakonda, mikono inatetemeka, fundi nikiandika hivyo wewe muuguzi hujui? Ulijua. Lakini ukaniambia shika mshipa, nikashika. Bonyeza mguu, nikabonyeza. Fungua ukosi. Kila nikikuuliza unakuja lini, unanipa sehemu nyingine ya mwili wa mama nikaiguse. Unampima kwa vipande ili usije ukamwona mzima.

Na tuache kuzungushana. Mtihani wa wanafunzi hauna uhusiano na jambo hili. Baba alipougua ulikuja na kile chombo chako kipya cha kusikilizia kifua, na mama akasimama mlangoni akakuambia mtoto hamvui baba yake nguo. Mimi nilikuwa safari ya vitambaa, niliyakuta yamekwisha, niliambiwa na majirani. Ulizika na asubuhi yake ukaondoka. Hujakanyaga hapa tangu siku hiyo. Unatuma sweta.

Mimi mikono yako siwi tena. Njoo na ya kwako.

Kaka

---

2 Mei

Kaka,

Shikamoo. Natumaini watoto wazima.

Umeuliza, ngoja nikujibu, na ukishalisoma hili usiniulize tena.

Nilikaa nje ya mlango ule. Ubao wake unaujua, mwembamba, una tundu la msumari. Nilisikia pumzi za baba. Zilikuwa fupi, na mwisho wa kila moja kulikuwa na sauti ya maji, kama mtu anayenyonya mwisho wa kinywaji kwenye mrija. Sikuhitaji chombo kujua kuna maji kwenye mapafu. Nilihitaji tu kuingia nimwinue, niweke sikio mgongoni, nijue yamefika wapi, nimwambie mtu. Mama akasema hapana. Nilipiga magoti, kaka. Nilimwambia nimesomea hili. Akasema hapana, akaniambia niende nikachemshe maji. Baba alikufa na shati lake mwilini limefungwa vifungo vyote, hakuna mtu aliyemgusa kifua mpaka waoshaji.

Wanafunzi wangu husema nina ukali usio na kiasi wanapompima mgonjwa juu ya shuka. Sasa unajua.

Na sasa mama yule yule amejifungia ndani ya ukosi na anataka niende nikabishe tena. Sitabisha. Mlango ule aliufunga yeye, aufungue yeye. Akinitumia neno kwamba amekosea, nitapanda basi siku hiyo hiyo. Si kwamba nina mikono. Kwamba amekosea.

Mpeleke hospitali kubwa hata kwa nguvu. Una mabega. Mficha maradhi kifo humuumbua, mwambie hivyo, mwambie nimesema mimi.

Mdogo wako

---

23 Mei

Wewe,

Salamu sina.

Nimepiga simu mpaka imeisha chaji, najua uko zamu na simu zenu mnazifungia kabatini. Nimepata mwenzako mmoja, ameahidi kukupa ujumbe. Kwa hiyo utafika kabla ya posta, na barua hii nitakupa mkononi. Naiandika kwa sababu nimekaa kwenye benchi la hospitali na sina mtu mwingine wa kumtukana.

Mama ameanguka asubuhi kwenye karakana yangu. Alikuwa amesimama mbele ya kioo nikimjaribisha gauni. Aliniambia kwapani panabana, nami nilijua hapabani, ni pumzi imemwisha, akashuka chini na pini zote mwilini. Midomo ilikuwa ya bluu. Tumembeba kwa gari la yule mteja mnene.

Hapa mapokezi alitoka daktari, msichana mdogo kuliko wewe. Hakuniuliza kitu. Alimshika mama mkono, akaweka sikio karibu na mdomo wake, kisha akachukua mkasi akakata ukosi. Mshono wangu, uzi wangu wa mara mbili, ulikatika kama karatasi. Na shingo ikatoka.

Mdogo wangu, ni rovu, ile tezi uliyoisema imevimba. Nene, imekaa chini ya koo kama yai la bata na imeegemea upande. Mishipa ya shingo imesimama. Yule daktari akaiangalia, akaniangalia mimi, akaniuliza, "Hii hakuna aliyeiona nyumbani?" Nikasema mimi ni mwanawe. Akauliza tena.

Nimewakasirikia wote. Nina hasira na tabibu wa zahanati, na mama, na wewe kule na neno lako unalolisubiri. Alikuwa anakusubiri wewe, wewe unamsubiri yeye, na mimi katikati nashona. Sasa yuko nyuma ya pazia na mashine inalia, na mlio wake hauendi sawa. Kama unataka mtu aseme amekosea, basi nasema mimi. Chukua hilo uje.

Kaka

---

14 Julai

Kaka,

Shikamoo. Nimefika salama, basi liliharibika mara moja tu. Wape watoto salamu, na mwambie wifi nimeliacha sweta lake la pili chini ya mto wa mama kwa sababu niliona aibu kumpa mwenyewe baada ya jinsi nilivyomkaripia kuhusu chumvi. Chumvi bado nimeikataza.

Dawa unazijua, lakini naandika tena kwa sababu wewe sikuamini. Ya tezi asikose hata siku moja. Ya moyo asubuhi. Ile ya kuzuia damu isigande, akianguka au akitoka damu puani hata kidogo, ni hospitali moja kwa moja. Kila siku mtazame miguu, na mpime uzito kwa nguo zile zile. Akikohoa akilala au akianza kutaka mito miwili, usiniandikie, piga simu, na ukinikatia nitakupigia tena. Tezi itatulia, wamesema, na mimi naamini. Moyo haurudi wote. Mama alipouliza, daktari alianza kuzunguka, mimi nikamwambia mama ukweli. Akasema alishaona usoni kwangu nilipomsikiliza kifua.

Lipo jambo sikukwambia nikiwa huko. Siku ile ulipokwenda kufungua karakana, nilimwogesha na kumpima mwenyewe, mwili wote, kuanzia kichwani. Sikukutana na kizuizi. Aligeuka nilipomwambia ageuke, alivuta pumzi nilipomwambia avute. Nilihesabu mbavu zake kwa vidole, nikafika chini ya kwapa nikakuta alama ndogo za pini, nikalia kwa hasira, siyo kwa huruma. Nikamuuliza. Nikamwambia mimi mtoto wako ninagusa wanawake nisiowajua kila siku ya maisha yangu, na baba ulinikatalia, na wewe umenikatalia mpaka ukaanguka. Kwa nini?

Aliniomba nimfunike mabega kwanza. Kisha akasema baba ndiye aliyeomba. Alikuwa amekonda, mwili umemharibika kuliko tulivyojua, akamwapisha mama kwamba mimi nisimwone vile. Nibaki na yule baba aliyekuwa akinibeba mabegani. Mama alimbishia siku mbili, akashindwa, akaenda kusimama mlangoni.

Nikamuuliza mbona hukuniambia, miaka yote hii. Akasema, "Ungemchukia yeye, na yeye hawezi kukujibu. Mimi nipo."

Nilimvalisha. Uliporudi na chai ukatukuta tumenyamaza ukadhani tumegombana, na ukaanza kutupatanisha, na sikuwa na nguvu ya kukuzuia.

Usidhani nimepoa. Nimejaribu kupoa ndani ya basi, njia nzima, nikashindwa. Nina hasira na baba, ambaye angeweza kuishi, au hata kufa akivuta pumzi vizuri zaidi, ila akaona afadhali mimi nimkumbuke mnene. Nina hasira na mama kwa kutunza kiapo cha mtu aliyekosea. Na wewe nina yako na unayajua. Magauni yake usiyapunguze tena, hata akikuomba, mwache apwaye ndani yake tumwone anavyonenepa.

Asubuhi ya kuondoka alinisindikiza hadi mlangoni, polepole, akishika ukuta. Nilimwambia sitaki kumdanganya, nakwenda bado nina hasira. Nilidhani atasikitika. Alinitengeneza mkanda wa begi begani, akaniambia, "Sawa. Mwezi ujao uje nayo."

Nimeshaomba likizo. Nakuja nayo.

Mdogo wako